Mtandao Uko Wapi Hapa?

Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha hesabu
katika shule yenye mabomba ya mvuke yanayokohoa,
Gobi-Altai, pale ambapo ramani haikuandikwa kitu.
Ubao naujua kama mwashi ajuavyo ukuta wake:
wapi chaki huteleza, wapi hung'ang'ania.

Kisha Oktoba wakaniletea kamera yenye jicho moja
na ratiba mpya: wiki tatu hewani, wiki moja darasani.
Wazazi walifurahi, maana bweni huwachukua watoto
wakiwa na miaka sita, likawarudisha wageni.
Mkuu wetu, Bwana Gonchig, alikuna kidevu:
"Fimbo ya mbali, mwalimu, haiui nyoka."
Nikamjibu: mimi sina nyoka, nina desimali.

Siku ya kwanza nilizungumza na miraba.
Miraba ishirini na miwili, mingine yenye nyuso,
mingine yenye paji tu, au dari ya hema.
Mwanambuzi alipita juu ya zoezi la pili.
Bibi ya mtu akaniuliza kama nimekula.
Nilichelewa kujua kwamba nacheka.

Darasani njaa naijua kwa harufu.
Namjua aliyelia kabla ya kengele.
Mkono unaonyanyuka nusu, kisha ukakuna sikio
kujifanya haukutaka kuuliza, huo nauona.
Kwenye kioo mkono huo haupo.
Kuna alama ndogo ya manjano, kiganja,
na mwenye haya hawezi kuibonyeza nusu.

Lakini Tuguldur.
Miaka minne dawati la nyuma, kando ya dirisha,
hakuwahi kunipa sentensi yenye kitenzi.
Nikamwandika: mpole. Nikamwandika: mzito.
Sasa yuko kilimani, maana bondeni mawimbi hayafiki,
amekaa juu ya farasi, simu ameiinua,
mvuke wa pumzi zake na za farasi umechanganyika,
na nyuma yake kondoo wanachimbua theluji.
"Mwalimu, unanisikia?"
Nakusikia.
"Robo tatu ya kundi ni majike. Theluthi mbili yao
wana mimba. Basi ni nusu ya kundi, mwalimu.
Nusu kamili. Baba amehesabu usiku kucha,
mimi nimepata kabla farasi hajatuliza miguu."
Nilizima kipaza sauti changu
ili nipenge kamasi kwa heshima.

Wakati huohuo Nomintuya,
aliyekuwa akijibu kabla sijamaliza swali,
aligeuka mraba mweusi wenye jina jeupe.
Yupo, mfumo unasema. Yupo, yupo, yupo.
Nikiita, jina halitikisiki.

Wiki ya darasani ikafika.
Buti mlangoni, harufu ya sufi mbichi na moshi wa samadi,
na kelele. Jamani, kelele! Kumbe nilizitamani.
Tuguldur akaenda moja kwa moja dawati la nyuma,
akajifunga kama sanduku.
Nikauliza. Kimya.
Nikarahisisha. Kimya, na masikio mekundu.
Nikaweka chaki chini.
"Tuguldur, mtandao uko wapi hapa?"
Akaangalia mlango. Akaangalia dirisha.
Kisha, na buti zake, akapanda juu ya dawati,
kichwa karibu na taa,
na kutoka huko akanipa jibu, na njia yake,
na kosa lililokuwa kitabuni tangu mwaka juzi.
Hakuna aliyemcheka. Mmoja tu aliuliza
farasi amemfunga wapi.

Dawati la Nomintuya lilikuwa tupu.
Bwana Gonchig hakunikumbusha methali yake;
aliniazima pikipiki.
Ni kilomita sitini na moja hadi malisho yao ya baridi.
Daftari lake nimelifunga kifuani, ndani ya koti,
na chaki mbili mfukoni, sijui za nini,
huko hakuna ubao.